"Amejitakia": hatia inavyomwangukia asiye na kosa

Mwaka 2019 Tanzania nzima ilijifunza neno ambalo wakazi wa Kigoma Ujiji walikuwa nalo tayari: teleza. Ndivyo walivyoitwa wanaume waliojipaka mafuta mwilini ili wasishikike, wakaingia usiku kwenye nyumba za watu na kubaka wanawake, wengi wao wakiwa wanaishi bila mume. Asasi za kiraia zilipolifikisha jambo hilo kwa waandishi wa habari, walio mbali walichokikumbuka ni yale mafuta. Mwanamume anayeponyoka mikononi kama kambare ni picha isiyosahaulika. Lakini mwanamke anayeamka na madoa ya mafuta hayo kwenye shuka lake ana maswali mengine kabisa, na mengi hayamhusu yule mwanamume. Kwa nini sikupachika komeo la pili? Kwa nini nililala usingizi wa pono? Kwa nini niliachana na baba watoto, si leo angekuwepo?

Makala hii ni ya maswali hayo. Kwa manusura wa ubakaji, ulawiti na udhalilishaji wa utotoni, hatia ni mzigo ambao mara nyingi hudumu kuliko majeraha ya mwili. Wanaowapenda huwaambia, "Si kosa lako." Ni kweli, na inafaa kusemwa. Ila anayeambiwa huitikia kwa kichwa, hushukuru, na akifika nyumbani huendelea kujihukumu palepale alipoishia. Nadhani tunashindwa kwa sababu tunaiona hatia kama fundo moja la kukatwa kwa kisu, wakati ni mafundo kadhaa yaliyofungwa na mikono tofauti. Jibu linalofungua moja haliligusi jingine.

Tuanze na lugha, maana hatia hii ina sarufi yake. Vitenzi vya polisi na mahakama ni vya kutendwa: amebakwa, amelawitiwa, amenajisiwa, ameingiliwa kwa nguvu. Ile -w- ndogo inatuambia kwamba yupo mtu mwingine kwenye sentensi, hata kama hajatajwa. Sasa nenda bombani, au kijiwe cha bodaboda pale Mwanga, au kwenye kikao cha ukoo, usikilize kisa kilekile kikisimuliwa. Amejitakia. Amejirahisisha. Amejilengesha. Alijipeleka mwenyewe. Yule naye alikuwa anajiachia sana. Silabi moja, -ji-, imeingia, na mbakaji ametoka. Aliyetenda na aliyetendwa wamekuwa mtu mmoja.

Lipo na neno la tatu, kuharibiwa. "Binti wa watu kaharibiwa." Hili lina -w- yake, halimlaumu mtu, na wengi hulisema kwa huruma. Lakini linamwacha binti akiwa kitu kibovu, kama dumu la mawese lililoingia maji, ambalo hata ukimkamata aliyeyatia, mafuta hayarudi kuwa mafuta. Hapo tumeshatoka kwenye hatia, tumeingia kwenye aibu. Hatia husema nilifanya vibaya, na aibu husema mimi ndiye mbaya. Mwanasaikolojia wa Marekani Ronnie Janoff-Bulman, akiandika mwaka 1979 kuhusu wanawake waliobakwa, alitenganisha namna mbili za kujilaumu: kulaumu nilichofanya, kama vile kupita njia ya giza, na kulaumu nilivyo, yaani mimi ni mtu wa kufanyiwa hivi. Alitarajia ile ya kwanza imsaidie mtu, kwa kuwa tendo linaweza kubadilishwa kesho. Tafiti zilizofuata hazikumuunga mkono sana, kwani anayejilaumu kwa namna yoyote ile huelekea kuumia zaidi. Hata hivyo tofauti aliyoionyesha ina kazi. Anayeumwa na aibu ukimjibu kwa hoja za mlango na komeo, hoja zako zote zinampita pembeni.

Na kwa nini jirani aseme amejitakia? Tusikimbilie kumwita katili. Katika miaka ya 1960 mwanasaikolojia Melvin Lerner alifanya jaribio ambalo watu walimtazama mtu akionekana kupigwa shoti za umeme. Ulikuwa mchezo wa kuigiza, ila wao hawakujua. Walioamini kwamba mateso yale yataendelea, na wao hawana la kufanya, waliishia kumdharau anayeteswa. Dunia inayogawa mambo kwa haki ni rahisi kuishi ndani yake kuliko dunia inayogawa ovyo. Mama wa mtaa uleule, ambaye mlango wake pia ni wa bati na mumewe yuko ziwani usiku, anahitaji mno kuamini kwamba mwenzake alikosea mahali. Kama alikosea, basi yeye asiyekosea atalala salama.

Aliyefanyiwa anaihitaji imani hiyo kuliko hata jirani. Kosa langu ni kitu ninachoweza kukirekebisha: nitanunua kufuli, sitavaa tena lile dera, sitacheka na mtu. Kosa likiondolewa, kinachobaki ni kwamba mtu mmoja aliamua tu, na kesho mwingine anaweza kuamua. Kati ya hofu hiyo na hatia, wengi huchagua hatia bila kujua kwamba wamechagua. Ndiyo maana ukimpokonya mtu hatia yake kwa ghafla anaweza kukukasirikia. Umemnyang'anya gogo alilokuwa ameliegemea majini, na hujampa mtumbwi.

Fundo jingine limefungwa na wakati wenyewe. "Ningejua, nisingepanda ile bodaboda." Mwanasaikolojia Baruch Fischhoff alionyesha mwaka 1975 kwamba watu wakishaambiwa tukio liliishaje, huamini kwamba tangu mwanzo lilionekana litaishia hapo. Waswahili hawakungoja 1975. Majuto ni mjukuu, huja baadaye. Tumeizoea methali hii kama fimbo ya kumchapia asiyesikia la mkuu, lakini isome tena polepole: mjukuu hazaliwi kabla ya bibi yake. Ulichokijua asubuhi hakikuwepo jana jioni. Jana jioni palikuwa na dereva unayemfahamu kwa sura, giza linaingia, mvua inatishia kutoka upande wa ziwa, na mtoto anasubiri nyumbani. Watu wangapi walipanda pikipiki jioni ileile, Gungu, Ujiji, Buzebazeba, wakafika wakala ugali wakalala? Uamuzi wako na wao ulikuwa uleule. Kilichotofautiana ni uamuzi wa dereva.

Sasa tufike kwenye swali linalouma kuliko yote, na ambalo huulizwa hata na mama mzazi, hata na nesi mwenye nia njema: mbona hukupiga kelele?

Mwili ukiona hatari kubwa hauitishi kikao. Ubongo wa hofu huamua kabla ya ubongo wa kufikiri. Kuna kukimbia, kuna kupigana, na pale njia zote mbili zinapozibwa kuna kuganda. Misuli inakakamaa au inalegea, sauti haitoki, mikono haitii. Wengine husimulia kwamba walijiona kama wako juu ya dari wakimtazama mtu mwingine kitandani. Anayefuga kuku ameshaiona hali hii kwa macho yake: mkamate kuku, mlaze, mkandamize kidogo, atatulia tuli kama aliyekufa, na ukimwachia atabaki hivyo kwa muda kabla ya kuruka. Sijawahi kusikia mtu akisema kuku yule aliridhika.

Mwaka 2017 watafiti wa Sweden walichapisha matokeo ya kuwahoji wanawake karibu 300 waliofika katika kliniki ya dharura ya waliobakwa mjini Stockholm. Saba katika kila 10 walikuwa wameganda kwa kiwango kikubwa wakati wa tukio, na karibu nusu kwa kiwango cha juu kabisa. Yaani kuganda ndiko kulikokuwa kawaida, na wanaopambana kama kwenye filamu ndio wachache. Miezi 6 baadaye, walioganda ndio walioonekana zaidi na sonona na msongo wa baada ya tukio. Mimi sishangai. Mwili ulifanya unachojua kufanya ili uhai ubaki, kisha mwenye mwili akaushtaki kwa kazi hiyohiyo, kila usiku, bila wakili.

Sheria yetu, kwa jambo hili, imewatangulia watu wengi mtaani. Kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu, kama kilivyoandikwa upya na ile sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 ambayo wengi huiita Sospa, kinasema kwamba ushahidi wa kupambana, kama vile majeraha mwilini, si lazima ili kuthibitisha kwamba hapakuwa na ridhaa. Mahakama ya Rufani nayo imerudia mara nyingi kwamba ushahidi wa kweli wa kubakwa hutoka kwa aliyebakwa. Kwa hiyo binti anayejihukumu kwa sababu hana mkwaruzo wowote anatumia sheria ambayo haimo kwenye kitabu chochote mahakamani Kigoma.

Lipo jambo moja ambalo halisemwi kabisa, na kwa kuwa halisemwi limewala watu miaka na miaka. Wakati mwingine mwili hujibu. Mwanamke huhisi unyevu, mwanamume au mvulana husimamisha, na wengine hufika kileleni, katikati ya kitu walichokichukia. Baada ya hapo hakuna wa kumwambia. Ungeanzaje? Jibu ni fupi: viungo vya mwili huitikia mguso na hofu kama macho yanavyoitikia moshi. Aliyetokwa machozi jikoni kwa kuni mbichi hajafiwa. Mwitikio wa mwili si ridhaa, na wanaofanya ukatili huu wanalijua hilo vizuri, ndiyo maana humwambia mtoto, "Unaona, hata wewe unapenda." Sentensi hiyo imeharibu kazi ya washauri wengi.

Na hapa ndipo inabidi nikae zaidi, kwa sababu hatia ya aliyefanyiwa utotoni haifanani na ya mtu mzima aliyevunjiwa mlango.

Usiku usio na mbalamwezi simama ufukweni Kibirizi au Katonga utazame Ziwa Tanganyika. Utadhani kuna mji mwingine kule mbele, taa kwa taa, kumbe ni za wavuvi. Dagaa huifuata taa wenyewe. Hakuna anayewasukuma, hakuna anayewapigia kelele. Wanapanda kutoka kwenye kina, wanazunguka kwenye mwanga, wanashughulika na chakula chao, na wavu uko chini yao kitambo. Mtu mzima anayemwinda mtoto naye huanza na taa. Ni yule baba mdogo pekee anayekumbuka kwamba daftari zimeisha. Ni mwalimu wa masomo ya ziada asiyechapa. Ni jirani mwenye televisheni, mwenye chipsi, mwenye simu ya kuchezea gemu. Wiki za kwanza hakuna kibaya kinachotokea, na hiyo ndiyo kazi yenyewe. Baadaye mguso mmoja, halafu siri ndogo, halafu siri inayoogopesha. Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009 ulikuta kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10, na wavulana kama 13 katika kila 100, walikumbana na angalau tukio moja la ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Wengi wa waliofanya hivyo hawakuwa wageni waliojipaka mafuta. Walikuwa watu wa kuamkiwa shikamoo.

Mtoto huyo akikua, hajiulizi mbona sikupiga kelele. Anajiuliza maswali mazito zaidi. Nilikuwa nakwenda mwenyewe. Nilimpenda. Nilipokea ile mia tano. Nilirudi tena wiki iliyofuata. Ukimwambia "si kosa lako" anakuona hujui habari, kwa sababu yeye anakumbuka miguu yake ikitembea kwenda kule. Jibu lake ni kurudi kwenye taa: alichokifuata ni nini? Alifuata daftari, uji, mtu wa kumsikiliza, vitu ambavyo mtoto yeyote ana haki ya kuvitaka. Aliyegeuza haja hizo kuwa chambo ni mwingine.

Daktari wa Hungaria, Sándor Ferenczi, alisimama mbele ya wenzake mwaka 1932 akaeleza jambo ambalo wengi wao hawakutaka kulisikia. Mtu mzima akimwingilia mtoto, alisema, mtoto humeza hatia ambayo mtu mzima alipaswa kuwa nayo. Maelezo yake yana mantiki ya nyumbani kabisa. Mtoto anayemtegemea mtu kwa ugali na ada hawezi kumudu kuamini kwamba mtu huyo ni mbaya, kwa maana akiamini hivyo hana pa kulala. Anachoweza kumudu ni kuamini kwamba mbaya ni yeye, na kwamba akitulia, akisoma kwa bidii, akiosha vyombo bila kuambiwa, mambo yatakoma. Hatia ikawa nguzo ya nyumba. Mwaka 1983 daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Roland Summit, alieleza mwenendo unaofuata: siri, kutojiweza, kuzoea, kusema kwa kuchelewa na kwa kusuasua, kisha kukana alichosema pale anapoona familia inawaka moto. Kwenye vikao vyetu kukana huko huchukuliwa kama ushahidi kwamba mtoto alisema uongo. Mara nyingi ni mtoto anayejaribu kuirudisha nyumba mahali pake.

Kwa sheria hoja ya "alikubali" haipo hapa. Msichana aliye chini ya miaka 18, ridhaa yake haihesabiki (isipokuwa kwa mume wake mwenyewe, msichana akiwa na miaka 15 au zaidi, mwanya ambao mimi binafsi siupendi). Kama mtu mzima angeweza kufungwa miaka 30 hata mtoto angesema ndiyo mara 10, basi ile "ndiyo" haikuwa na uzito ambao mtoto anaubeba mpaka leo.

Wavulana wana fundo lao. Kijana aliyelawitiwa huogopa maswali mawili: mbona hukupigana, wewe si mwanamume, na je, sasa wewe ni nani? Sheria yenyewe humtisha, kwa kuwa humwadhibu pia anayekubali kufanyiwa, naye hana uhakika kwamba watu watajua tofauti kati ya kukubali na kulazimishwa. Wengine hunyamaza wakahamia gongo, ugomvi, au ndoa ya haraka ya kuthibitisha jambo. Tukisema "manusura" vichwani mwetu anakuja mwanamke, na kijana wa Uvinza anayesikiliza redio hajui kwamba anazungumziwa.

Halafu ipo hatia inayokuja baada ya kusema. Hii sioni ikiandikwa sana. Binti amepata ujasiri, ametoa taarifa, baba mdogo amekamatwa, kesi imekwisha, kifungo ni miaka 30. Nyumbani shamba la michikichi halina wa kulisimamia, watoto wa baba mdogo wamerudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa michango, na bibi hali vizuri. Hakuna anayemtukana. Wanasema tu, kwa upole, "Ungetwambia sisi kwanza, mwanetu, tungeyamaliza." Kuyamaliza maana yake tunaijua: mbuzi, fedha kidogo, soda za kupatana, na binti anayekutana na mtu huyo kila msiba. Anachohitaji kusikia hapo ni hesabu ya nani alifanya nini. Baba mdogo alitenda. Polisi walikamata. Hakimu alihukumu. Yeye alisema ukweli, na kusema hakukuwa na meno. Meno yalikuwa kwenye tendo.

Mji wa Ujiji una misikiti mikongwe, na Kasulu mpaka Kibondo makanisa yamejaa, kwa hiyo haitufai kujifanya kwamba hatia huishi kwenye saikolojia peke yake. Kwa wengi swali la kweli ni hili: mimi nina zinaa? Nimepoteza usafi mbele ya Mungu? Hapo watafiti wa Stockholm hawana la kumwambia, ila shehe na mchungaji wanalo. Surat An-Nur, aya ya 33, inawazungumzia wanawake wanaolazimishwa, na msamaha na rehema vinatajwa palepale kwa ajili yao. Ipo pia hadithi mashuhuri kwamba umma huu umesamehewa kukosea, kusahau, na kile ulicholazimishwa. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22 msichana aliyekamatwa shambani hahesabiwi dhambi, na tendo linafananishwa na mtu kumwinukia mwenzake na kumuua. Nijuavyo mimi, hakuna anayemdai aliyeuawa atubu. Najua sura hiyohiyo ina aya ya mjini, ya asiyepiga kelele, na wapo wanaoisoma hiyo tu. Anayeisoma hivyo na arudi kwa yule kuku.

Kisa ninachokirudia zaidi ni cha Tamari, binti wa Mfalme Daudi aliyebakwa na Amnoni, kaka yake wa baba mmoja, 2 Samweli 13. Alikataa kwa maneno, akaomba, akatoa hoja, ikashindikana. Baada ya hapo akararua vazi lake, akajitia majivu, akatoka analia hadharani. Yaani alifanya yote ambayo watu husema manusura angepaswa kufanya. Nduguye Absalomu akamwambia anyamaze, huyo ni ndugu yako, usilitie moyoni. Akakaa nyumbani kwa Absalomu hali ya ukiwa. Biblia haisemi alikosea popote. Aliyemziba mdomo alikuwa mtu aliyempenda.

Kwa hiyo anayesikia kwanza ana nafasi kubwa kuliko anavyodhani, mara nyingi kuliko daktari. Mtu akikuambia, usianze na "kwa nini". Kwa Kiswahili kila "kwa nini" ina harufu ya mashtaka, hata ukiisema kwa sauti ya chini. Sema umemwamini, uliza anahitaji nini sasa hivi. Kama ni tukio jipya, saa zina thamani: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Nguo zisifuliwe, na kama anaweza asioge kwanza, ingawa aliyeoga hajafanya kosa. Kila mtu hutamani kuoga. Kuna Dawati la Jinsia na Watoto polisi, kuna PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, kuna ofisi ya ustawi wa jamii, na kwa watoto namba 116 hupigwa bure. Aliyechelewa miaka 20 naye bado anaweza kusema. Haendi kutafuta dawa ya saa 72, anakwenda kutafuta mahali pa kuweka mzigo.

Na je, mzigo huo huwekwa kweli? Ushahidi mzuri uko ng'ambo ya ziwa letu. Mwaka 2013 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanyika Kivu Kusini na Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, kwa wanawake 405 waliopitia ukatili wa kingono. Katika vijiji 7 wanawake walipewa tiba ya kuchunguza mawazo, ambayo mwanasaikolojia Patricia Resick aliianzisha Marekani kwa ajili ya waliobakwa, na sehemu kubwa ilikuwa ya vikundi. Katika vijiji 8 walipewa msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja. Waliotoa tiba hawakuwa madaktari. Walikuwa wanawake wa huko huko, wenye elimu ya miaka kadhaa baada ya shule ya msingi, na masomo yalirahisishwa ili hata asiyejua kusoma ayafuate. Miezi 6 baada ya tiba, katika vijiji vya msaada wa kawaida wanawake 42 katika kila 100 bado walikuwa na dalili nzito za sonona au wasiwasi. Katika vile vya tiba walikuwa 9. Hawa ni watu waliokuwa wakiishi kwenye vita. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, hapa Kasulu, imewapokea majirani zao tangu 1996.

Kiini cha tiba hiyo, kwa upande wa hatia, ni kuitenganisha lawama na mambo mengine yanayofanana nayo. Mwenye lawama ni yule aliyekusudia madhara. Aliyekuwa na sehemu katika mambo yaliyotokea bila kukusudia madhara, huyo hana lawama, hata kama mlango alifungua yeye. Na lisiloweza kutabirika ni lisiloweza kutabirika. Washauri wengine hulichora kama duara lililokatwa vipande. Mimi naona sokoni kwetu pana kitu bora zaidi, nacho ni mafungu.

Mpe mtu kokoto 20, au kokwa za chikichi, au hata maharage. Mwambie hizi zote ni lawama za usiku ule, azipange mafungu mbele ya kila aliyehusika. Usimsaidie. Mara ya kwanza, 15 zitakwenda mbele yake mwenyewe, na mbakaji atapata mbili. Usibishane naye. Muulize tu, fungu kwa fungu, kila kokwa ni ya nini. Hii? Ya komeo. Na komeo lilivunjwa na nani? Anaisogeza. Hii? Ya kutopiga kelele. Mkono ungeweza kutii? Anafikiri muda mrefu, anaisogeza. Hii ya kuachana na baba watoto. Kwa nini mliachana? Kimya, kisha anasema alikuwa akimpiga. Hiyo haendi nayo kwa mbakaji, anaianzishia fungu lake peke yake kule pembeni. Nyingine inakwenda kwa waliosikia kishindo wakageukia ukutani, nyingine kwa waliolijua jina la teleza mwaka mzima wakalifanya kichekesho.

Itachukua siku, pengine wiki, na kuna asubuhi atakazorudisha kokwa zote kwake bila wewe kujua sababu. Mnaanza tena. Mwishoni mbele yake huwa imebaki moja, ambayo hajui aipeleke wapi. Muulize ni ya nini.

"Nililala."

Mwache aitazame.